Mtu wa Kumtoa Peris

S.L.P. 47,
Voi.
16 Januari 1977

Dada yangu Priscilla,

Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe na shemeji Zephaniah na watoto. Mama mkwe wako miguu yake inaendeleaje? Sisi hatujambo. Fanuel amepewa zamu ya mchana pale stesheni, kwa hiyo siku hizi mume wangu namwona jioni na tunakula pamoja. Danson ameenda kidato cha kwanza na sanduku kubwa kumliko yeye mwenyewe. Nyumba imekuwa kimya hata nimeanza kuzungumza na kuku.

Jumamosi ya tarehe nane tulikungoja kwenye mkutano wa akina mama mpaka saa sita. Baadaye tukasikia lori la wachimbaji limekwama mtoni na abiria wamelala huko huko, tukajua hutafika. Pole sana.

Dada, kuna jambo ambalo nimelizungukazunguka kwa wiki nzima kabla ya kushika kalamu. Kanisa moja la Uingereza limealika watu wanne wa dayosisi yetu waende kushuhudia kule kwao kwa wiki tano. Si masomo, wala si matembezi. Ni misheni. Zamani walikuja wao kwetu, na sasa wanataka sisi ndio twende kwao. Katika hao wanne mwanamke ni mmoja, na kamati imenichagua mimi. Tutaondoka mwezi wa Mei.

Jina lako lilitajwa pia, usidhani ulisahauliwa. Lakini ilionekana kwamba kwa mtu wa mbali kama Kishushe mambo yatakuwa magumu, tena kuna habari ya Kiingereza. Mimi sikujitafutia, Mungu ni shahidi.

Sasa ombi langu. Kasisi Alexander ameweka utaratibu. Jumapili ya tarehe 15 Mei kila msafiri atasimama kanisani na mtu wa nyumbani kwao alikozaliwa. Mtu huyo kama ana neno na msafiri atalitubu mbele ya wote, kisha atasema, "Namtoa kwa moyo mmoja." Asiyetolewa na watu wake haendi. Baba na mama wamelala, na katika nyumba yetu nimebaki na wewe tu. Nzembi, yule mwalimu, amewekwa awe tayari iwapo mimi nitakwama.

Niandikie upesi kwamba utakuja.

Ni mimi mdogo wako,
Peris


Kishushe,
13 Februari 1977

Mdogo wangu Peris,

Barua yako ililala siku kumi na moja dukani kwa Makau, chini ya mzani wa sukari. Imenifikia inanata, na sisimizi wameisoma kabla yangu. Asante kwa salamu. Zephaniah anazirudisha. Mama mkwe anatembea mwenyewe tangu Novemba, na juzi alimfukuza beberu mpaka bondeni na fimbo akamvunjia mgongoni. Umwambie yeyote anayeuliza.

Hapa jua limerudi. Mvua ile iliyonizuia mtoni ilinyesha siku nne, ikafanya kazi yake ya kunizuia, kisha ikaenda zake.

Hongera. Neno hilo nimeliandika mara mbili. La kwanza nililifuta kwa sababu nilikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Kumbe Ulaya wanataka mashahidi. Vizuri. Watu husema aliyeko juu mngoje chini, basi mimi nakungoja huku chini na mbuzi wangu. Usinielewe vibaya, nacheka. Zephaniah amenitazama nikiandika akaniuliza mbona nacheka na meno yamekutana.

Kuna kitu sikukielewa. Unasema jina langu lilitajwa. Jina halijitaji lenyewe. Nani alilitaja? Na baada ya kutajwa, nani alisema mambo yatakuwa magumu? Mimi nimetembea kutoka hapa mpaka Mwatate na mtoto mgongoni kwenda kusikiliza Neno, na hakuna kamati iliyoketi kuona kama ni vigumu.

Juu ya kusimama kanisani, nitaona. Mei bado iko mbali.

Dada yako,
Priscilla


Voi,
6 Machi 1977

Dada mpendwa,

Nimefurahi kusikia mama amepona kiasi cha kupigana na beberu. Fanuel alicheka mpaka akapaliwa na chai. Huku joto limezidi, na maji ya mfereji yanakuja siku moja na kupumzika mbili. Danson ameandika mara moja tu tangu aende, na barua yenyewe ilikuwa orodha ya vitu anavyotaka.

Maandalizi yanaendelea. Kila Jumanne jioni tunakwenda kwa Mable, mke wa kasisi, kufundishwa desturi za kule. Dada, ungecheka. Tunakaa mezani watu wazima tukila njegere kwa uma ulioinamishwa kichwa chini, nazo zinaruka mpaka kwenye zulia. Mable anasema tukikaribishwa chakula mara ya kwanza tukubali, kwa sababu kule ukikataa kwa adabu wanaondoa sahani kweli. Nimepata koti zito la sufu lililotumiwa. Linanifika kwenye vifundo vya miguu. Sindano ya ndui imeniumiza sana na uvimbe wa mkono bado haujashuka.

Kazi kubwa ni ushuhuda wetu. Kila mtu ana dakika saba. Nimeuandika wangu kwa Kiingereza, lakini sehemu ya katikati nakuwekea hapa kwa Kiswahili uitazame kama iko sawa:

"Katika nchi kavu ya Kishushe, ambako wanyama wa porini ni wengi kuliko watu, sisi wanawake watano tulianza kukutana kila Jumatano kuomba. Tulijenga kanisa la miti kwa mikono yetu. Shetani akawatuma ndovu wakalivunja mara tatu, nasi mara tatu tukalijenga tena. Leo waumini ni mia moja na ishirini."

Waliosikia mazoezi walitokwa na machozi. Kasisi amesema hiyo ndiyo habari wanayoingojea.

Hukunijibu juu ya tarehe 15 Mei. Kasisi anataka majina ya watu wa nyumbani kabla ya Pasaka. Nimwandikie jina lako?

Mdogo wako,
Peris


Kishushe,
27 Machi 1977

Peris,

Salamu kwa Fanuel. Tuko wazima. Mbuzi wawili wamechukuliwa na fisi. Mtoto wangu wa mwisho ana kikohozi lakini anakula.

Huo ushuhuda wako nimeusoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikausoma tena. Wanawake watano nawajua. Nitakutajia, maana naona umewasahau: mimi, Mama Nzomo, Katuku, marehemu Wawuda, na marehemu Mghoi aliyekuja amepigwa na mumewe na bado akachimba mashimo ya nguzo. Hesabu mwenyewe. Wewe umekaa wapi? Mwaka ule ulikuwa Voi unajifunza kupiga taipu. Ulikuja Krismasi, ukala, ukasema kanisa letu linanuka moshi.

Na ndovu hawakutumwa na shetani. Tulikuwa tunaweka sadaka ya mahindi ndani ya kanisa kwa sababu hatukuwa na ghala. Ndovu walinusa mahindi. Mara ya tatu ndipo tukapata akili, tukapeleka mahindi nyumbani kwangu, na kanisa halikuguswa tena. Huo ndio ushuhuda wenyewe, kwamba tulikuwa wajinga na Mungu akatuvumilia. Lakini kwa Kiingereza naona shetani anapendeza zaidi kuliko mahindi.

Nasema waziwazi kwa kuwa wewe ni damu yangu: ninaona wivu. Nikikamua mbuzi nakuona uko kwenye ndege. Nikiwaombea wagonjwa nasikia wazungu wakikupigia makofi kwa ajili ya nguzo nilizozibeba mimi. Ni mimi niliyekushika mkono mwaka wa sitini na moja ukaokoka, ukilia kamasi kwenye leso yangu. Sasa kamasi zimekauka, na leso yenyewe unaisafirisha Ulaya useme ni yako.

Mable alipita hapa wiki jana kwa semina ya akina mama. Alilala kwetu siku mbili, na tuliongea mengi. Ni mwanamke mkweli. Zephaniah anakusalimia sana. Anasema siku ukitaka kujua neno lake juu ya jambo lolote, umwandikie yeye mwenyewe, kwa kuwa kusoma anajua na kujibu anajua.

Jina langu usiliandike bado.

Priscilla


Voi,
14 Aprili 1977

Dada Priscilla,

Natumaini Pasaka ilikuwa njema kwenu na mtoto amepona kikohozi. Sisi tulikula bila hamu.

Barua yako nimeisoma peke yangu. Sikumwonyesha Fanuel. Nimelia, halafu nimekasirika, halafu nimelia tena. Habari ya mahindi nimeirekebisha. Neno "sisi" nimeliacha. Mimi ni mtoto wa nyumba ile ile, na ninaona nina haki ya kusema sisi. Kama unaona wivu ni shauri lako na Mungu wako, lakini usinifungie njia.

Mambo yananiharibikia. Paspoti ilirudi kutoka Nairobi kwa sababu picha niliinamisha kichwa, ikabidi nipige nyingine. Mkono wa sindano umetunga usaha. Wiki jana nilianguka kwenye ngazi za posta. Mjomba Mwandawiro alikuja kuniona akaniambia haya si bure, nyumbani kuna mtu mzima aliyeshikilia hasira moyoni na hajaitema. Nilimwambia mimi nimeokoka, mambo hayo siyaamini. Alipoondoka nilikaa nikikuwaza wewe.

Nzembi amekwisha kushona gauni. Hasemi kitu, lakini kila Jumanne anakuja kwa Mable kula njegere, na za kwake haziruki.

Kasisi ameniongezea muda hadi wiki ya kwanza ya Mei. Dada, nimeishi maisha yangu yote nikiitwa mdogo wake Priscilla. Mara moja tu nimeitwa kwa jina langu. Wewe una kanisa zima linalokuita mama. Mimi nina taipureta. Unaona wivu wa nini kwangu? Ni mimi niliyekuonea wivu miaka yote hii na sikuwahi kukuandikia.

Njoo, nakuomba. Usipokuja sitakwenda.

Peris


Kishushe,
1 Mei 1977

Mdogo wangu,

Wote hawajambo. Mtoto amepona. Mvua imeanza, na safari hii ni ya kweli.

Nimekumbuka bibi yetu Wakio. Wewe ulikuwa mchanga, lakini mimi nilimwona. Mtu wa nyumba yake hakutoka kwenda mbali kabla bibi hajaitwa. Alikuwa anachukua juisi ya muwa mdomoni, anaitoa nje kwa nguvu, anasema hasira yake yote kwa sauti: wewe ulininyima kuni, wewe ulinijibu vibaya. Akishaitema imekwisha, ndipo anakubariki. Walimu wa dini walituambia kutema huko, yaani kutasa, ni ushenzi, tukaacha. Kisha ukaja wokovu, ukatuambia tusimame mbele ya watu tuseme yaliyo moyoni. Nimekaa na mambo haya mawili nikaona bibi hangeshangaa sana.

Nitakuja. Mwandikie kasisi jina langu. Lori la wachimbaji linateremka Ijumaa ya tarehe 13, na likikwama nitatembea. Sijui nitasema nini. Hilo usiniulize.

Dada yako,
Priscilla


Uingereza,
2 Juni 1977

Dada yangu mpendwa,

Nakuandikia kutoka jikoni kwa mama mmoja mjane aliyenikaribisha. Ameenda kununua mkate na ameniacha na paka. Nina afya. Mkono umepona. Baridi ya huku wanaita kiangazi, nami nalivaa lile koti hata mezani. Tumekwisha kwenda makanisa sita, shule mbili, na nyumba moja kubwa wanamokaa wazee ambao watoto wao wapo hai. Hiyo sikuielewa, na sikuuliza.

Shemeji na watoto hawajambo? Nawasalimu wote.

Dada, tangu Jumapili ile hatujazungumza. Ulirudi na lori alfajiri, mimi nikapanda treni. Nataka kuikumbuka siku ile pamoja nawe, kwa sababu naiona kila ninapofumba macho kuomba. Uliingia kanisani na matope mpaka magotini. Ulisimama karibu nami, ukasema bila kutafuta maneno: "Mimi nimemwonea wivu mdogo wangu tangu Januari. Nimeona wivu wa koti lake na paspoti yake na mdomo wake unaojua Kiingereza. Aliponiandikia kwamba ameanguka pale posta, nilifurahi kwanza kabla ya kumhurumia. Nisameheni." Mjomba Mwandawiro alipiga paja kule nyuma akasema, "Naam!" Kisha ukanyamaza. Ukavuta pumzi na kunitazama mimi.

Hapo nikaanzisha pambio.

Watu wote wakasimama wakaimba, si unajua ushirika wetu ulivyo, mtu akitubu anaimbiwa. Wakatukumbatia, mimi na wewe tukasukumwa huku na huku, kasisi akafunga kwa maombi, na ikawa imekwisha. Kila mtu alisema siku ile Roho alishuka. Lakini mimi ndiye mwimbishaji, dada, na ninajua kwa nini niliimba. Nilikuona unataka kuendelea, na niliogopa utakalosema.

Acha niliseme mimi. Tarehe nane Januari, kwenye mkutano ule ambao hukufika, jina la kwanza kutajwa lilikuwa lako. Barua ya huku iliomba mwanamke aliyeanzisha kazi mahali pagumu, na akina mama wote walisema kwa sauti moja, "Priscilla." Habari ya Kiingereza haikuwa kitu, kwani walisema mkalimani atakuwepo. Kasisi akanigeukia kama ndugu yako akaniuliza kama utaweza. Nikasema shemeji Zephaniah amekataa usisafiri. Sikusema nadhani atakataa. Nilisema amekataa, kwamba nimeongea naye. Sikuwa nimemwona shemeji tangu Oktoba. Maneno yalitoka yenyewe na nikakaa kimya kuona yatafika wapi. Baada ya dakika chache yakafika kwangu.

Ningeweza kufa na siri hii kama si Jumapili iliyopita. Nilitoa ushuhuda wa Kishushe na mahindi yake. Walicheka sana kwenye mahindi, kisha wengine wakalia. Mlangoni bibi mmoja mzee alinishika mikono yote miwili akaniuliza, "Wewe ulikuwa mmoja wa wale watano?"

Nikasema, "Ndiyo."

Akaibusu mikono yangu. Dada, aliibusu mikono hii.

Sina la kujitetea. Nilitaka kiti chako, nikakikalia, na sasa nakaa juu yake bila raha. Nisamehe. Nitafika Voi tarehe 24. Nijibu, hata kama ni neno moja.

Mdogo wako asiyestahili,
Peris


Kishushe,
20 Juni 1977

Mdogo wangu Peris,

Barua hii siipeleki Ulaya. Nampa Makau aiteremshe Voi kwa mkono amwachie Fanuel, uikute mezani ukishavua koti. Pole kwa safari. Hapa mahindi yamebeba, na Zephaniah analala shambani kwa sababu ya nguruwe pori. Mama mkwe anakusalimia. Ameniuliza kama wazungu wana mbuzi.

Neno la Januari nalijua tangu Machi. Mable alinipa pole jioni ile alipofika. Alisema ni huzuni kubwa kwamba mume wangu alininyima ruhusa. Nami nikamjibu, "Ndiyo, wanaume ndivyo walivyo." Nilikufichia hapo hapo kabla sijafikiri. Zephaniah alikuwa nje akisikia, akaingia ndani na kuketi. Mable alipoondoka aliniambia, "Angalau angeniuliza. Ningekubali." Hilo ndilo lililoniuma zaidi ya yote, kwamba angekubali. Mume wangu amebeba jina la kunifungia njia kwa miezi mitano kanisani kwenu, na hata siku moja hajaniomba nimsafishe.

Sasa nikuambie ya Jumapili, kwa kuwa umeisimulia vizuri lakini hukuijua. Nilipotoka hapa nilikuwa nimekata shauri. Wivu wangu nitautubu kwa kuwa ni wangu. Uongo wa Januari nitauacha kwako kwa kuwa ni wako. Njia nzima kwenye lori nilimwambia Mungu kwamba sitakuaibisha. Kwa hiyo niliposema ya koti na ya posta nilikuwa nimemaliza kutema. Lilikuwa limebaki neno lenyewe, lile la kasisi. Nilinyamaza kwa sababu lilikuwa zito na mate yalikuwa yamekauka. Nilikutazama ili nilisemee usoni pako.

Nilikuwa nataka kusema, "Namtoa kwa moyo mmoja."

Ukaimba.

Hakuna aliyegundua. Kasisi hakugundua, hata mjomba mwenye masikio marefu. Wewe mwenyewe umekaa huko wiki tano bila kujua. Peris, umekwenda bila kutolewa. Nilikuwa nimekuletea baraka kwa miguu yangu kwenye matope, na ulipoiona inakuja ukadhani ni fimbo. Nilirudi na lori nikiwa na neno lile mdomoni, na mpaka leo linanikera kama jiwe kwenye wali.

Usifikiri wivu umekwisha. Watu waliponiimbia walidhani umekwisha. Nimesoma habari ya yule bibi aliyeibusu mikono yako, nikaitazama ya kwangu yenye sugu na harufu ya mbuzi, nikaona wivu upya mpaka nikaacha kukamua. Nakuambia ili ujue kwamba sijawa malaika. Na wewe unasema ulinionea wivu miaka yote. Basi tuko wawili, na mama yetu angetupiga sote.

Unaomba nikusamehe kwa barua. Sitaki. Kwa barua tumedanganyana vya kutosha. Siku ya kukupokea sitakuja Voi, wala usinitafute kwenye umati wa stesheni. Pumzika siku mbili, kisha panda lori uje Kishushe uwe hapa Jumatano. Njoo bila kasisi. Tuliobaki katika wale watano ni watatu, mimi na Mama Nzomo na Katuku, na Zephaniah nitamwambia asiende shambani. Utamwambia yeye ulichosema juu yake. Utawaambia wale wanawake ulichomjibu yule bibi. Kwa Kiswahili, na si lazima iwe dakika saba.

Ukimaliza nitasimama. Sijui kama litatoka neno lile lililobaki au jingine, sitaki kukuahidi uongo. Lakini nitasema, na ninakuomba kitu kimoja tu, mdogo wangu. Nikinyamaza kidogo katikati, usiimbe. Nisubiri nimalize.

Dada yako,
Priscilla